Shati la Buluu Katika Picha ya Machweo

"—kulia, Afande, uko kulia! Tangu lini mfuko wa shati la mwanaume ukashonwa kulia?"

Mkuu wa kituo ndiyo kwanza alikuwa anapeleka kikombe cha chai mdomoni. Kikombe kikabaki hewani. Mbele yake, amesimama kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, alikuwa mpelelezi wake mdogo kuliko wote. Pale kituoni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Toka siku aliyotoka chuoni walimbandika jina la Chiriku, yule ndege anayeanza kelele kabla jua halijatoka, na hajawahi kuwapa sababu ya kulibandua.

"Binti, pumua," Mkuu alisema. "Halafu anza mwanzo, kama watu."

Chiriku akapumua, haraka haraka, halafu akaanza tena mwisho. Ikabidi Mkuu amvutie kiti, amkalishe, na amsukumie picha iliyokuwa mezani, kubwa, ndani ya fremu ya mbao. Picha hiyo ndiyo iliyokuwa inampeleka mzee wa watu kizimbani kesho asubuhi.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Nje ya mji, juu kilimani, kuna jumba la mawe la shamba la zamani. Wenyewe walishahama siku nyingi, likabaki na popo, mikaratusi na mtunzaji mmoja anayeitwa Babu Funguo. Barazani mwa jumba hilo ilining'inia kengele ya shaba, kubwa kama ndoo ya maji, ya enzi zile wafanyakazi wa shamba walipokuwa wakiitwa kwa mlio. Jumatatu asubuhi Babu Funguo alikuja kituoni kwa miguu yake mwenyewe kusema kengele haipo. Kufika jioni, aliyekuja kushtaki ndiye aliyekuwa mahabusu.

Na kweli, mambo yalimwendea vibaya. Geti lilikuwa na kufuli zima, na ufunguo anao yeye tu. Nyuma ya kibanda chake ilikutwa ngazi ndefu ya alumini, imefungwa kitambaa chekundu ncha moja. Alisema si yake, wakacheka. Alisema Jumamosi alikwenda kumwuguza dada yake kijiji cha pili, akalala huko, akarudi Jumapili alasiri na homa, akajitupa kitandani mpaka Jumatatu. Ya kwa dada yalithibitika, majirani chungu nzima walimwona. Lakini hiyo haikumsaidia kitu, kwa sababu ya picha.

Mjini kuna kundi la watu wanaojiita Wawinda Mwanga. Kila mmoja ana kazi yake ya kumlisha, ila siku za mapumziko wanabeba kamera na kwenda mashambani kupiga picha majumba makuukuu, madaraja ya mbao, vinu vilivyokufa, maporomoko ya maji na ukungu wa mabondeni. Hawalipwi. Wenyewe wanasema raha yake haina bei, na wake zao na waume zao wanasema mengine. Jumapili ile walikuwa na shindano la picha ya machweo, na usiku wake walikutana kwa Mwenyekiti wao, wakala, wakacheka, wakapiga kura. Aliyeshinda kikombe alikuwa daktari wa meno. Alifika amechelewa, akasema ndiyo kwanza anatoka kilimani, na picha yake ikawafunga midomo wote. Jumba la mawe, mwanga wa dhahabu, vivuli virefu vya mikaratusi, shati la buluu kwenye kamba ya nguo, na katikati ya baraza, kengele inang'aa.

Basi. Kama kengele ilikuwepo Jumapili jua likizama, na Babu Funguo alikuwa amesharudi na amefunga geti, nani mwingine angeitoa?

Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeileta ile picha kituoni. Mtu wa watu, mwenye nyumba ya wageni anayoimalizia kando ya barabara kuu, aliiweka mezani kwa mikono miwili kama anayeleta rambirambi, akasema inamuuma kwa sababu mzee anamfahamu, lakini ukweli ni ukweli. Daktari wa meno akaitwa, akaandika maelezo: ndiyo, picha ni yake, na ndiyo, aliipiga jioni.

"Sasa mfuko," Mkuu alisema.

Chiriku akaweka kidole juu ya shati la buluu. Limetundikwa kwa henga, kifua kinamtazama mtu. Mfuko ulikuwepo, mmoja, na ulikuwa upande wa kulia wa anayelivaa. Mama yake Chiriku ni fundi cherehani. Yeye amekua chini ya meza ya kukatia, akichezea vipande vya mifuko wakati wenzake wanachezea wanasesere, na hajawahi kuona shati la mwanaume la dukani lenye mfuko mmoja halafu mfuko huo uko kulia.

Mkuu akajipapasa kifua. Kushoto. Askari wa mapokezi, aliyejifanya hasikilizi, naye akajipapasa.

"Labda limegeuzwa ndani nje."

"Mfuko usingeonekana, Afande."

"Labda fundi wake alikuwa mlevi."

"Basi twende tukalione. Analo mwilini."

Wakaenda. Babu Funguo alikuwa amekaa pembeni ya chumba cha mahabusu, mikono magotini, ndani ya shati lile lile la buluu lililopauka mabegani. Mfuko kushoto, na ndani yake kitambaa cha jasho kimekunjwa vizuri. Chiriku nusura apige makofi. Mkuu akamkanyaga mguu.

Akamuuliza mzee shati hilo lilikuwa wapi Jumapili. Mzee akaeleza taratibu kwamba alilifua Jumamosi kabla ya kuondoka, akaliacha kwenye kamba karibu na geti, na Jumapili alasiri alipoingia na baridi yake ya homa alilianua palepale, akalivaa juu ya nguo alizokuwa nazo, akaenda moja kwa moja kulala. Hakunyanyua hata macho kutazama jumba.

"Kwani shati nalo limeiba, mjukuu wangu?" aliuliza.

"Hapana, babu. Shati linataka kukutoa."

Mkuu akamvuta korido. Sasa sauti yake ilikuwa nyingine. "Nisikilize vizuri. Picha imegeuzwa, kushoto imekuwa kulia, hilo nimeliona. Lakini wakili wa mwenye jumba ataniambia kugeuza picha si jinai, na shati analolisema mzee ni neno lake tu. Nenda kilimani ukaone kwa macho. Halafu nenda kwa huyo daktari. Na kitu kimoja."

"Naam, Afande."

"Njiani usimwambie mtu hata neno."

"Mimi?"

"Wewe," Mkuu alisema, na askari wa mapokezi akaangua kicheko mpaka akaangusha kalamu.

* * *

Dereva wa kituo alimshusha getini akajilaza kwenye usukani. Chiriku akaingia na fremu kifuani kama mtu aliyebeba kioo cha kabati.

Hajawahi kufika pale, na kwa dakika chache alisahau kilichompeleka. Jumba lilikaa mwisho wa njia ya mawe, kimya, na kuta zake zilikuwa na rangi ile ya mkate uliokaa sana ovenini. Aliyelijenga alipenda mizani. Madirisha ya kushoto yalikuwa sawasawa na ya kulia, nguzo sawa na nguzo, na mikaratusi ilipandwa safu mbili zinazotazamana kama wachezaji kabla ya mechi. Katikati ya baraza, palipokuwa na kengele, pamebaki ndoano ya chuma. Akaelewa kwa nini watu wazima wanaacha vitanda vyao kufuata vitu kama hivi. Akatoa simu akapiga picha moja. Akapiga na nyingine, hii sasa kwa ajili ya kazi.

Akaelewa na jambo la pili. Nyumba pacha ukiigeuza picha yake, nani atajua? Kushoto na kulia ni mapacha. Ungehitaji kitu kimoja tu kisicho na pacha, na kitu hicho kilikuwa kamba ya nguo.

Akarudi nyuma mpaka aliposimama mpiga picha, akanyanyua fremu mbele ya uso, akaishusha, akainyanyua tena. Kwenye picha kamba ilikuwa mkono wa kushoto. Machoni pake ilikuwa mkono wa kulia, imefungwa kwenye miti miwili karibu na geti, na vibanio vya nguo bado vipo.

Ukisimama pale ukitazama jumba, jua linachomoza mkono wako wa kushoto na kuzama mkono wako wa kulia. Katika picha mwanga unatoka kulia, ndiyo maana kila aliyepajua alisema bila kusita: jioni. Sasa igeuze irudi kama ilivyokuwa. Mwanga unatoka kushoto.

Asubuhi. Kengele ilipigwa picha Jumapili asubuhi, mzee akiwa kwa dada yake, majirani chungu nzima wakimwona. Tangu asubuhi ile mpaka alipoingia getini na homa yake, jumba lilikuwa halina mtu, na yeyote angeweza kuja.

Yeyote, kwa njia gani? Chiriku akazunguka ukuta wa nje kwa kufuata mikaratusi, na upande wa kushoto wa jumba, nyuma ya majani yaliyomzidi kimo, akakuta mawe yameporomoka. Pengo lilikuwa pana, mtu na toroli wanapita bila kugusana. Nje yake udongo ulikuwa laini na ulihifadhi alama za matairi mapana, zilizoingia kinyumenyume na kutoka mbele. Wenzake hawakufika huku. Walikuta kufuli zima getini na ngazi nyuma ya kibanda, wakaona wamemaliza. Mwenye kupata alichokitafuta haendelei kutafuta.

Hilo la ngazi likamrudisha kibandani. Akachungulia chini ya mapaa, na pale, imefunikwa na utando wa buibui, ilikuwa ngazi ya mzee. Ya mbao, fupi, imevunjika vidaraja, na hata kuku asingeikubali. Kwa hiyo ile ya alumini haikuwa yake kweli. Na kile kitambaa chekundu kwenye ncha? Ngazi inayoishi nyumbani haivalishwi kitambaa. Inavalishwa ngazi inayosafirishwa, inayochomoza nyuma ya gari, ili dereva wa nyuma aione asije akavunja kioo chake.

Alirudi garini anakimbia. Dereva akamuuliza kuna nini. Chiriku akafungua mdomo, akaukumbuka uso wa Mkuu, akaufunga. Dereva akamtazama kwa wasiwasi wa kweli, akamuuliza kama anaumwa.

* * *

Sasa tuseme ukweli: mpaka anapanda ngazi za kliniki, Chiriku alishamaliza kesi kichwani. Mwizi ni daktari. Nani mwingine alikuwepo asubuhi? Nani alidanganya saa? Alishamvisha pingu, alishamsomea mashtaka, alishapandishwa cheo.

Daktari wa meno alikuwa na mgonjwa kitini, mama mnene mwenye mdomo wazi na pamba ndani. Chiriku alionyesha kitambulisho, akasema ana swali dogo. Daktari, mtu mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza aliyoizoeza kwa waoga wa sindano, akasema karibu.

"Ile picha yako nzuri. Uliipiga jioni?"

"Nilishaandika, ndiyo."

"Jua likiwa mkono gani?"

"Wa kulia. Jua linazama kulia pale, kila mtu anajua."

Juu ya trei, kando ya koleo, palikuwa na kile kioo cha mkononi ambacho wagonjwa huonyeshwa meno yao mapya. Chiriku akakichukua, akaegemeza fremu kwenye kifua cha daktari, akakishika kioo mbele yake ili aione picha ndani ya kioo.

"Nitazamie shati," alisema. "Halafu jitazame koti lako."

Daktari akatazama. Mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kwenye mfuko wa koti jeupe, wa kushoto, wenye kalamu. Ndani ya kioo shati la buluu lilikuwa limerudi kuwa shati la kawaida. Mama mnene, kwa mdomo uleule wazi, akasema kitu kilichosikika kama "mh!"

"Mama, kasukutue," daktari alisema. "Upumzike pale nje kidogo."

Mlango ulipofungwa alikaa yeye kwenye kiti cha wagonjwa. Hakubanwa. Maneno yalimtoka kama jino lililokuwa linacheza siku nyingi. Mwaka mzima alikuwa hajashinda hata mara moja. Jumapili ile aliamka alfajiri akapanda kilimani kujaribu tu, akapanda ukuta kando ya geti kwa sababu mzee hakuwepo, na ghafla mwanga ukashuka juu ya yale mawe kama asali. Alisema mwanga wa namna ile unaweza kuungoja nusu ya maisha yako. Aliposema hivyo macho yake yaling'aa, na Chiriku, aliyekuja na pingu moyoni, akajikuta anatikisa kichwa kukubali. Aliupata, lakini shindano lilikuwa la machweo. Jioni alipanda tena, lakini kabla hajafika juu mawingu yakafunika kilima kizima, akageuzia njiani. Akarudi nyumbani, akakaa mbele ya kompyuta, akaigeuza ile ya asubuhi, kushoto ikawa kulia. Asubuhi ikawa jioni. Wenzake wote wanalijua lile jumba. Bila kuigeuza wangemgundua kwa kutazama tu.

"Nikaona ni uongo mdogo," alisema. "Wa kikombe cha bati."

"Na polisi walipokuita?"

Akainamisha kichwa. Alipokuja kituoni, picha ilikuwa imeshachaguliwa kwa maonyesho, kikombe kiko kabatini, mkewe ameshawapigia simu ndugu. Akajiambia mzee kama hakuiba, ataachiwa tu kwa mengine.

"Kikombe utakirudisha," Chiriku alisema. "Siku za yule babu utazirudisha na nini?"

Daktari akachukua kile kioo, akakilaza kifudifudi juu ya trei.

Ila pingu za moyoni zilikuwa zinalegea. Gari la daktari alikuwa ameliona pale chini, kigari kama sanduku la viatu. Ngazi ile humo ingemtoa mtu jicho, na matairi yale mapana si yake. Chiriku akaomba picha ya asili, ile iliyotoka kwenye kamera kabla haijaguswa.

Daktari akasita. "Nayo ni ileile. Niliisafisha tu kidogo."

"Kusafisha ndiyo nini?"

Akaeleza kwamba wote wanafanya. Waya wa umeme unakatiza mbingu, unaufuta. Mfuko wa plastiki umekwama kwenye nyasi, unaufuta. Jumba la kale linataka kuonekana kama dunia bado haijazaliwa.

"Mbona shati hukulifuta?"

"Shati lile?" Daktari alishangaa kama ameulizwa kwa nini hakung'oa jino zima. "Bila shati, jumba ni kaburi. Shati linasema kuna mtu anaishi."

Akawasha kompyuta. Picha ikajaa kwenye skrini, na ilikuwa kweli asubuhi, mwanga unatoka kushoto, shati la buluu mkono wa kulia na mfuko wake mahali pake. Chiriku akasogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo. Kushoto kabisa, pembeni, kati ya miti miwili, kule kwenye pengo la ukuta, palikuwa na kitu cheupe.

"Hicho?"

"Ndicho nilichofuta. Gari la mkulima, nadhani. Lilikuwa linaniharibia miti."

"Ulilitazama?"

"Takataka haitazamwi, inafutwa."

"Ikuze."

Akakuza. Cheupe kikawa bati. Bati likawa sehemu ya nyuma ya pikapu. Juu ya pikapu, ikichomoza nje kama ulimi, ilikuwa ngazi ndefu ya alumini, na kwenye ncha yake kitambaa chekundu. Chiriku aliushika mkono wa daktari bila kujua kama ameushika.

"Ikuze tena. Hapo, mlangoni mwa nyuma."

Palikuwa na stika ya duara, ya manjano, yenye jicho jeusi katikati. Chiriku alishaiona stika hiyo. Ilikuwa kwenye kile kigari kama sanduku la viatu, pale chini.

"Ni ya kundi letu," daktari alisema polepole. "Tunapewa wote." Halafu rangi ikamtoka usoni kama maji kwenye beseni. "Lakini pikapu katika kundi ni moja tu."

Hakulitaja jina, na haikuwa lazima. Chiriku alikuwa anaona mambo yanajipanga yenyewe mstari mmoja. Nani ana nyumba ya wageni mpya inayosubiri mapambo ya kale? Nani aliibeba picha kituoni kwa mikono miwili? Na nani aliiacha ngazi nyuma ya kibanda cha mzee ili lawama zimfuate yeye? Huyu bwana, usiku ule wa kura, kengele ilikuwa tayari imefunikwa turubai mahali fulani, na anamwona daktari wake anaingia na picha ya kengele hiyohiyo, eti ya jioni hii. Yeye peke yake katika chumba kile alijua ni uongo. Na uongo huo ulikuwa zawadi, kwa sababu ulihamisha wizi kutoka asubuhi, ambapo alikuwa kilimani, mpaka usiku, ambapo kundi zima lilikuwa mezani kwake linamla kuku. Hakuhitaji kudanganya hata neno. Alihitaji tu kubeba fremu.

Chiriku alipiga simu kituoni. Mkuu alipopokea, binti alianza kumwaga yote bila koma, mpaka aliposikia jibu.

"Ndiyo, mama," Mkuu alisema kwa sauti ya upole asiyowahi kuwa nayo. "Nimekusikia. Ila nina mgeni hapa. Mwenyekiti wa Wawinda Mwanga amekuja kuomba picha yao kwa ajili ya maonyesho. Tunakunywa chai."

Chiriku akaziba mdomo kwa kiganja.

"Sina haraka kabisa," Mkuu aliendelea. "Huyo dereva wako mwambie awapitie vijana wangu, waende wakaangalie ile nyumba uliyonitajia. Kila chumba. Na chini ya maturubai pia. Wewe njoo tu na huyo mgonjwa wako, mpitie mlango wa nyuma."

* * *

Lakini aliyekuwa na picha ni Chiriku, na Mwenyekiti alikuwa ameijia picha. Kwa hiyo, baada ya daktari kuingizwa kwa nyuma na kukalishwa na karatasi ya kuandikia maelezo mapya, Chiriku alilazimika kupita mbele, fremu kifuani, uso umekunjuliwa kama mtu aliyetoka kununua nyanya.

Mwenyekiti alikuwa ameegemea vizuri kwenye kiti cha wageni. Alisimama kwa adabu, akampokea fremu, akaipuliza vumbi.

"Ndiyo huyu Chiriku ninayemsikia," alisema huku anatabasamu. "Mbona leo haimbi? Kuna habari gani za mzee wetu?"

Habari zilikuwa zimemjaa Chiriku mpaka kooni. Zilikuwa zinamkwaruza meno kwa ndani. Nyuma ya Mwenyekiti, askari wa mapokezi alikuwa amefumba macho kabisa, kama anayesubiri sahani ianguke.

"Uchovu tu, mzee," Chiriku alisema. "Picha hiyo ni nzito."

Mkuu akaagiza chai nyingine.

Chiriku alitembea mpaka mwisho wa korido bila kukimbia, akafunga mlango nyuma yake, na hapo ndipo alipoegemea ukuta, akaruka mara moja mahali pale pale aliposimama, bila sauti. Halafu akamfungulia Babu Funguo. Mkuu alikuwa ameshasaini. Maelezo ya daktari yalitosha. Ya kengele yangefuata vijana wakirudi kutoka kwenye nyumba ya wageni. Akampitisha mzee uani, mpaka kwenye mlango mdogo wa nyuma, akamkabidhi mkanda wake, viatu vyake na lile fungu la funguo zilizompa jina. Mzee akazigusa moja moja kwa kidole gumba, ameinamisha kichwa. Akaupapasa mfuko wa shati.

"Ni huyu aliyenitoa?"

"Ni huyo, babu."

"Na aliyeniingiza je? Nani?"

Kutoka ndani, kupitia dirisha la mapokezi, kilisikika kicheko cha mtu aliyeshiba chai. Mzee akageuza sikio kidogo kuelekea kule, kisha akamtazama binti, na Chiriku akauma midomo yote miwili mpaka ikapotea.

"Kesho, babu," alisema ilipomrudia. "Weka viti viwili pale barazani, chini ya ndoano. Nitapanda na chai yangu mwenyewe, nikueleze kuanzia kengele mpaka kikombe cha bati, na sitaruka kitu."

"Wewe utaweza kulala nayo tumboni mpaka kesho?"

"Sitalala," Chiriku alisema.

Babu Funguo akacheka, kicheko kirefu cha kwanza tangu Jumatatu, akavaa viatu vyake na kushika njia ya kilimani, funguo zikilia kiunoni kwa kila hatua.